Papa Anatole na Gazeti la Kuusiranta

Gazeti likifika Kakuma huwa limekwisha chacha. Hata lile la Nairobi, linalopakiwa kwenye basi la Kitale na kupita Lodwar, hufika likiwa limejaa vumbi, na habari zake watu wameshazisikia redioni. Lakini magazeti ya Papa Anatole yalikuwa yamechacha kupita yote. Yalifika miezi miwili baada ya kuchapwa, yamefungwa furushi kwa kamba ya nailoni, kupitia sanduku la posta la parokia, na yaliandikwa kwa lugha ambayo mzee huyo hakujua hata salamu yake.

Alikuwa mtu wa Bukavu, mrefu na mkavu, jicho la kushoto limeanza kuingia ukungu. Ujana wake wote aliumalizia katika kiwanda cha uchapaji cha misheni, akipanga herufi. Kazi hiyo siku hizi haipo. Kila herufi ilikuwa kipande kidogo cha madini ya risasi. Mpangaji aliichomoa kwenye kasha lenye vyumba vingi, akaisimamisha kando ya mwenzake, kinyumenyume, mstari baada ya mstari, mpaka ukurasa ukatimia. Vidole vyake viliifanya kazi hiyo huku yeye akiimba. Kisha kompyuta zikaja, makasha yakatupwa uani, na baada ya kompyuta vikaja vita. Mkewe alifia njiani, upande wa Fizi, akazikwa penye majani mabichi bila msalaba wala jiwe. Papa Anatole alifika Kakuma, kwenye kambi ya wakimbizi, akiwa na begi moja, akamkuta binti yake Céline, aliyetangulia na mumewe na watoto.

Kutangulia huko ndiko kulikowatenganisha. Kadi ya chakula ya Céline ilikuwa yake, na ya babake ilikuwa nyingine, na zilipoanza safari za kwenda kuishi nchi za mbali, kadi moja iliitwa na nyingine haikuitwa. Mwaka 2010 Céline alipanda ndege kwenye kiwanja cha Kakuma, akisema, "Papa, nitakuita." Alisema kwa moyo wake wote. Lakini kuita ni kazi ya ofisi, na ofisi hazina moyo.

Huko Ufini alikopelekwa, katika mji mdogo wa kando ya ziwa uitwao Kuusiranta, Céline alipata kazi ya kusambaza gazeti la mkoa. Aliamka kabla jogoo hajawika, "na hapa, Papa," alimwambia kwenye simu, "hata jogoo mwenyewe hayuko." Alitembea mlango hadi mlango, theluji magotini, akisukuma gazeti kwenye kila tundu la mlango. Yaliyobaki aliruhusiwa kuyachukua. Akakumbuka jinsi babake alivyokuwa akinusa karatasi mpya kabla ya kuisoma, akaanza kumtumia.

Ndipo Papa Anatole akawa msomaji wa Kuusirannan Sanomat. Maana yake, Céline alimweleza, ni "Habari za Kuusiranta".

Kusoma hakusoma. Alitazama. Alikaa mbele ya nyumba yake ya matofali ya udongo, bati likilia kwa joto, akapitisha kidole juu ya safu. Aliona mahali mpangaji wa kurasa alipokuwa na haraka, na mahali alipotulia. Alijua ukurasa wa vifo kwa misalaba yake midogo na picha za ndege wanaoruka. Alishangaa jinsi lugha hiyo ilivyopenda kurudufu herufi: aa, uu, kk, tt, na ile a yenye nukta mbili kichwani kama macho ya chura. "Hii lugha," alimwambia jirani yake Liliane, "iko na kiu ya k."

Liliane, mwanamke wa Uvira aliyekaanga maandazi kando ya njia, alicheka. "Papa, wewe unasoma nyota."

Alikuwa na ukarimu, Liliane, na hakuna siku aliyomsahau mzee kwa chai. Lakini Kiswahili ndicho walichosemeana, na Kiswahili kwa Papa Anatole kilikuwa lugha ya kazini na barabarani. Lugha ya nyumbani kwake ilikuwa Mashi. Kambini waliojua Mashi walikuwa wachache tangu mwanzo, wakapungua mmoja mmoja, na wa mwisho katika mtaa wake, mzee wa kanisa aliyekuwa akija kucheza naye bao, alipelekwa Marekani mwanzoni mwa mwaka 2012. Tangu siku hiyo, neno la Mashi lilimtoka Papa Anatole kwenye simu ya Céline tu, na simu hukatika.

Mwishoni mwa mwaka huo lilikuja furushi nene kuliko yote. Ndani yake mlikuwa na toleo la pekee, kurasa nyingi, na picha za zamani: wanaume wenye masharubu kando ya mtambo wa chuma, wanawake waliofunga aproni mbele ya makasha ya herufi. Makasha! Mzee alisimama, akakaa, akasimama tena. Alisogeza picha karibu na jicho zima. Mmoja wa wanawake wale alikuwa ameshika kifaa cha kupangia herufi mkono wa kushoto, kama alivyokishika yeye, dole gumba likizuia herufi zisianguke. Chini ya picha kulikuwa na maneno. Nani angemsomea?

Wiki iliyofuata alikuja ofisa wa misitu kutoka Lodwar. Wenyeji na wakimbizi walikuwa wakigombania kuni tena, naye alitumwa kuzungumza na pande zote juu ya kukata mathenge, ule mti wa miiba uliojaa kote, badala ya miti ya wenyewe. Alikuwa mwanamke wa Meru aitwaye Makena, mwenye sauti ya upole. Mkutano ulipokwisha alisimama kwa Liliane kununua maandazi. Liliane alikuwa amemwomba Papa Anatole karatasi za kufungia, naye baada ya kusitasita alimpa kurasa za matangazo ya magari, akiona kwamba hizo hazina aibu kupata mafuta.

Muda kidogo Liliane alifika mbio kwa mzee, mikono imejaa unga. "Papa! Kuko mama moja anasoma ile gazeti yako! Anaisoma na mdomo!"

Mzee alimkuta Makena amesimama juani, andazi halijaguswa, midomo ikichezacheza. Alikuwa akisoma tangazo la trekta kuukuu kana kwamba ni zaburi.

"Ejok, mzee," alimsalimu kwa Kiturkana. "Hii karatasi imetoka wapi?"

"Ya mutoto yangu. Iko kule Finlande."

"Nilisomea huko mambo ya misitu. Nikakaa miaka saba." Alifuta jicho kwa kiganja. "Sijaona maandishi haya tangu nirudi."

Papa Anatole alikwenda nyumbani kwa hatua ndefu, akarudi na lile toleo nene amelikumbatia kifuani. Dereva wa gari la misitu alikuwa ameshapiga honi. Makena akasoma kichwa cha ukurasa wa kwanza, akakitafsiri polepole: "Miaka mia moja ya kusemezana kwa lugha yetu."

"Madame," alisema Papa Anatole. "Utarudi?"

Alirudi Jumamosi. Na si Jumamosi hiyo tu. Kila kazi ilipomleta Kakuma, na mara nyingine bila kazi, alikuja akakaa kwenye kiti cha Liliane chini ya turubai akasoma.

Basi hivi ndivyo Papa Anatole alivyoijua historia ya gazeti lake. Mwaka 1912, nchi hiyo ikiwa chini ya mfalme wa Urusi, mabwana wa Kuusiranta walisema Kiswidi. Hakimu alihukumu kwa Kiswidi, mwenye duka aliandika bei kwa Kiswidi, na gazeti pekee la mji lilikuwa la Kiswidi. Wakulima na wapasua mbao, ambao ndio wengi, walisema Kifini, nao walipofiwa hawakuwa na mahali pa kutangaza. Mwalimu mmoja na fundi cherehani mmoja wakachangisha watu, wakanunua mtambo uliochoka, wakauvuta kwa farasi juu ya ziwa lililoganda.

"Juu ya maji?" aliuliza Liliane, akigeuza maandazi.

"Maji yakiwa jiwe," alisema Makena. "Lakini makasha ya herufi waliuziwa na wachapaji wa Kiswidi. Walipoanza kupanga ukurasa wa kwanza, hawakufika nusu. Herufi k zilikwisha. Na zile a zenye nukta zikaisha pia. Kiswidi hakizihitaji sana, Kifini hakiwezi kupumua bila hizo. Kwa hiyo toleo la kwanza lilitoka na mapengo, na wanawake wa kiwandani wakakaa mezani wakijaza k kwa wino na kalamu, nakala baada ya nakala."

Papa Anatole alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na Liliane, ambaye hakuwahi kumsikia akicheka hivyo, aliacha maandazi yakaungua.

"Sisi pia!" alisema alipopata pumzi. "Kule Bukavu, makasha yalitoka Ubelgiji, ya Kifaransa. Herufi e, mpaka za kumwaga! Herufi q, nani anaitaka? Lakini siku Padri analeta kitabu cha sala cha Kiswahili, ukipanga 'kwa', 'wake', 'wakati', saa hiyo hiyo k zimekwisha, w zimekwisha. Tulikuwa tunageuza m kichwa chini tunafanya w. Watu walisali na m iliyogeuzwa, na Mungu aliwasikia!"

Makena aliweka gazeti mapajani, akamtazama. "Na Mashi je? Mlichapa gazeti la Mashi?"

Kicheko kiliisha. "Sala tu," alisema mzee. "Katekisimu. Habari, hapana. Hakuna aliyefikiri kwamba habari zetu ni habari."

Siku nyingine walifika penye mwaka 1918. Hapo Makena alipunguza mwendo. Vita viliwagawa watu wa Kuusiranta wao kwa wao. Wapangaji wa herufi wakawa upande mmoja, mwenye gazeti upande mwingine. Gazeti lilifungwa masika yote. Lilipofunguliwa tena, wapangaji wawili hawakuwapo, na gazeti halikuandika walikwenda wapi. Ilichukua miaka mingi sana, toleo lile lenyewe lilikiri, mpaka majina yao yakachapwa.

Papa Anatole alitazama punda wa Waturkana wakivuka laga la Tarach, mto mkavu wa mchanga mtupu. "Nilidhani watu wa theluji hawachomeani nyumba," alisema mwishowe.

"Walichomeana, Papa." Siku hiyo ndiyo aliyoanza kumwita Papa.

Mwanzoni mwa 2013 jicho la mzee lilizidi kuingia ukungu, akapewa ruhusa ya kutoka kambini kwenda kuonwa Lodwar. Daktari alimwandikia dawa ya matone na kumwambia angojee zamu ya upasuaji. Mji ulikuwa umebadilika: mafuta yalikuwa yamegunduliwa mwaka uliotangulia, na magari makubwa meupe yalijaza barabara, na kila penye uwazi palikuwa panajengwa nyumba ya wageni. Makena alikuwa akikaa upande wa mto Turkwel, nyumba ya serikali yenye vyumba vitatu na mtu mmoja. Alimpikia ugali na samaki wa ziwani. Walipokuwa wakinawa, simu ya Makena iliita, naye akainuka upesi hadi dirishani.

Hapo Papa Anatole alikisikia Kifini kikisemwa kwa mara ya kwanza. Si kile cha kusomwa, kilichopimwa. Hiki kilimtoka Makena kwa kubembeleza, kwa kujikwaa, akirudia neno lile lile kwa njia tatu. Upande wa pili ilisikika sauti ya mtoto, fupi fupi. Kisha simu ikakatwa, na Makena akabaki ameishika.

"Ni binti yangu, Sally," alisema bila kugeuka. "Ana miaka tisa. Yuko kwa babake. Niliporudi Kenya nilidhani ni kwa mwaka mmoja, nipate kazi nimlete. Babake akakataa, na mahakama ikamsikiliza. Kiswahili amekisahau, na Kiingereza hataki. Kimeru hakuwahi kukijua. Imebaki lugha moja kati yetu, nayo kila mwezi inanitoka neno. Leo nimetaka kumuuliza kama amepona kikohozi, nikalikosa neno la kikohozi."

Mzee alikausha mikono yake taratibu. Alikuwa amefikiri muda wote huo kwamba Makena anamfanyia hisani.

"Basi tusome," alisema. "Nimekuja nalo."

Walisoma mpaka basi la kurudi likakaribia kuondoka. Walisoma ukurasa wa vifo, kwa kuwa Makena alisema huko ndiko maneno ya nyumbani yalikojificha: mama yetu, bibi yetu, usingizi, ua, msitu, ahsante. Kila aliyekufa alitajwa jina kamili, alikozaliwa na alikofia, na wanaomlilia mmoja mmoja. "Hata maskini?" aliuliza Papa Anatole. "Hata maskini," alisema Makena. "Huko mtu hawi amekufa mpaka gazeti limesema."

Uchaguzi wa Machi ulipita salama. Serikali za kaunti zikaundwa, na maofisa wa Lodwar wakawa hawajui nani atakuwa chini ya nani. Katika msukosuko huo Céline alipiga simu, na kwa jinsi alivyosema "Papa" mzee akajua kuna neno.

Kampuni kubwa ya mji wa mbali ilikuwa imelinunua gazeti. Wasomaji walikuwa wamepungua. Vijana husoma kwenye simu. Kiwanda cha Kuusiranta kingefungwa, gazeti lingechapwa mbali na kutoka siku chache kwa wiki, na njia za wasambazaji zingepunguzwa. Ya Céline ilikuwa miongoni mwazo.

"Nitapata kazi nyingine, Papa. Ya kusafisha. Usiwe na wasiwasi juu yangu."

"Sina," alisema, na hakuwa akisema kweli.

Furushi la mwisho lilifika mwezi Juni. Makena alimsomea habari ya usiku wa mwisho wa mtambo, lakini hakufika mbali, kwa kuwa mzee alimwomba aache. Picha ilimtosha: mchapaji wa makamo yake, kofia mkononi, kiganja kimewekwa ubavuni mwa mtambo kama mtu anavyomtuliza ng'ombe.

Makena alikuwa na neno lake pia, akalisema mwishoni, akiangalia chini. Alikuwa ameacha kazi. Ndugu zake wa Meru walimwona kichaa, kuacha mshahara wa serikali akaoshe vyombo vya Wazungu. Lakini alikuwa amepata kibali cha kukaa karibu na Sally, na mtoto hakui mara mbili.

"Umefanya vizuri," alisema Papa Anatole. "Mimi ningekuwa na njia ningeenda." Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu wa adabu, akamuuliza habari za safari, na mizigo, na baridi, mpaka gari lilipokuja. Liliane alimfungia maandazi ya njiani. Mzee alisimama barabarani mpaka vumbi likatua.

Kakuma mwaka huo ilijaa. Watu walikuja kutoka Sudan Kusini na kwingineko, mahema yakasogea mpaka ukingo wa laga. Lakini wingi wa watu si wenzi. Papa Anatole alipanga foleni ya chakula, akatia dawa machoni, akaenda misa. Aliitwa kuhojiwa juu ya safari yake mwenyewe, akajibu maswali yale yale, akaambiwa angojee. Magazeti aliyokuwa nayo aliyafungua asifike mbali. Bila sauti ya Makena yalikuwa yamerudi kuwa picha, na jicho halikuziona vizuri.

Mwezi Septemba, alasiri, Makena alipiga simu. Alikuwa amefika Kuusiranta kumwona Céline, na walikuwa wamesimama pamoja mbele ya kiwanda. Sally alikuwa naye. Alisikika nyuma akiuliza jambo, na Makena akimjibu bila kujikwaa.

"Panageuzwa duka la fanicha, Papa. Mtambo umeondolewa. Makasha ya herufi wameyauza, watu wanayatundika ukutani, wanapanga vikombe vidogo."

"Na herufi zenyewe?"

"Wanasema ziliyeyushwa zamani. Sijui, Papa. Sikuweza kupata hata—"

Simu ikakatika. Alingoja akiishika sikioni. Akangoja zaidi, kisha akaiweka mfukoni.

Jua lilikuwa bado kali. Alikaa kwenye kizingiti, magoti juu, na baada ya kitambo akaanza kusema kwa sauti, kwa Mashi. Alisema kwamba laga la Tarach halijapata maji. Kwamba kuni zimepanda. Kwamba kwa mama wa Kirundi, nyumba ya tatu, amezaliwa mtoto wa kike. Kwamba madame Makena wa misitu amefika salama, na mtoto wake anamsikia.

Liliane aliinua kichwa kutoka kwenye karai. "Papa, unasemesha nani?"

"Hakuna," alisema. "Natoa habari."

Liliane hakujua Mashi, lakini alilisogeza karai lisifanye kelele.

Papa Anatole akafika penye vifo. Hapo alivua kofia. Alitaja jina lote la mkewe, la ubatizo na la ukoo. Akataja kijiji alikozaliwa, na kwamba alifia njiani, upande wa Fizi, penye majani mabichi. Akawataja wanaomlilia, mmoja mmoja: binti Céline, mkwe, wajukuu, na mume, mpanga herufi. Alisema polepole, akiacha nafasi kati ya maneno, jinsi yanavyotakiwa kuachiwa nafasi.

Kisha akavaa kofia yake, akaingia ndani kutafuta dawa ya jicho.